Kicheko cha Mjane wa Ghorofa ya Saba

Piracicaba, 6 Machi 2023

Shoga yangu Iracy,

Kaa kitako kwanza, maana habari hii ukiisoma umesimama utaanguka. Hakuna mwanamke aliyezaliwa na bahati kama mimi katika Brazil hii nzima. Filamu kumi na tisa nimecheza pale kwenye mtaa wetu wa sinema, nusu yake nikiwa na taulo na nusu nyingine bila taulo, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyenigusa nisipotaka. Hata mmoja! Wenzangu walitoka pale na machozi, na mimba, na majina mabaya. Mimi nilitoka na koti la manyoya na meno yangu yote kinywani. Wengine Mungu huwapa akili. Mimi alinipa nyota, akaona inatosha.

Sasa sikiliza. Kuna binti anaitwa Tainá, amesoma mpaka vitabu vimemwomba apumzike, anafanya kazi kwenye nyumba ya kuhifadhi filamu za zamani huko kwenu São Paulo. Amemfufua *Mjane wa Ghorofa ya Saba*! Filamu ilikuwa imeota ukungu ndani ya makopo kama jibini la Wafaransa, wameisafisha picha moja baada ya nyingine, na Julai itaonyeshwa kwenye ukumbi wenye viti vya mahameli. Haroldo, mkurugenzi wetu, bado anapumua, na atapewa nishani. Wilmar hatakuwepo, yule fundi bomba wa kwenye filamu, kwa sababu alikufa zamani kwa ini. Mimi nimewekewa kiti cha mbele. Tainá ananiita mwanzilishi. Nikamwuliza, "Mwanzilishi wa nini, mwanangu?" Akasema, "Wa uhuru wa mwili kwenye sinema, Dona Creusa." Nikamwambia uhuru ule ulikuwa na baridi sana, maana Haroldo alikataa kulipia umeme wa kupasha maji.

Dunia imegeuka, shoga. Unakumbuka wakaguzi wa serikali walivyokuwa? Mkaguzi akiona titi, anakata. Akiona kofi, anaacha. Baadaye zikaja zile filamu za kuonyesha kila kitu mpaka utumbo, mtaa wetu ukafa, kwa sababu nani atalipa kuniona mimi na taulo? Kisha runinga ikatuletea mabinti wa bikini Jumapili mchana, watu wakila tambi na bibi zao. Na sasa kwenye tamthilia ya usiku wanaume wawili wanabusiana kwa upole mpaka unawaonea wivu. Jirani yangu Dona Eunice ni Mlokole, anafunika macho kwa viganja, lakini vidole ameviachanisha.

Ombi langu ni hili: njoo ukae kando yangu. Tainá hakuamini nilipomwambia kwamba sauti ya Mjane si yangu. Nilimweleza kuwa kamera za Haroldo zilinguruma kama cherehani, kwa hiyo hakurekodi sauti, na kwamba baada ya kupiga picha wewe uliingia kwenye kile chumba cha giza ukaweka maneno kwenye mdomo wangu, kwa sababu lafudhi yangu ya shamba ingewafukuza wateja. Alicheka sana. Anataka watuone pamoja, mwili na sauti, baada ya miaka arobaini na sita. Tulikutana mara ngapi vile, mara mbili? Na kadi za Krismasi.

Nimesikia habari za koo lako, na ndiyo maana nakuandikia sikupigii. Mungu ana mizaha mibaya. Lakini njoo hivyohivyo. Nitaongea mimi kwa niaba ya wote wawili, unajua sichoki.

Wako,
Creusa Bonfim, aliyekuwa, na bado ni, Kátia Delmar

*

São Paulo, 21 Machi 2023

Creusa mpenzi,

Barua yako ilimfanya Benê anitazame, kwa sababu nilikuwa natikisika mabega. Ndivyo ninavyocheka siku hizi. Madaktari walitoa kisanduku chote cha sauti. Benê hasikii tangu utotoni, hivyo humu ndani kilichobadilika ni kidogo: sasa sote tunatumia mikono. Anasema amenisubiri miaka mingi nifike upande wake.

Nikuambie kidogo habari za mume wangu, maana utahitaji kumjua ili uelewe ninachotaka kukuandikia. Ni fundi wa kushonea viti vitambaa. Na anasoma midomo kama wewe unavyosoma bei ya nyama. Tukiangalia mpira ananiambia kocha amemtukania mwamuzi mama yake kwa neno gani. Tukiangalia harusi za matajiri ananiambia bibi harusi amesema "viatu vinaniua." Ni sinema ya pili ndani ya sinema, na mimi ndiye mtazamaji wake peke yangu.

Tainá alinitumia filamu. Wameiwekea maandishi chini kwa ajili ya viziwi, kila neno na kila mlio: mlango unagongwa, maji yanatiririka, muziki wa samba. Benê alifurahi kama mtoto. Hajawahi kunisikia hata siku moja, na sasa angalau angesoma nilichokuwa nikisema nilipokuwa kijana. Alivaa shati safi. Nilikaanga maandazi ya jibini.

Tulifika tukio la bafuni. Unalijua: fundi bomba anakuja kurekebisha mfereji, anamshika Mjane, wanaangukia kwenye beseni. Benê akasimamisha picha. Akarudisha nyuma. Akasimamisha tena. Kisha akaniuliza kwa mikono, "Aliyeandika haya ni mlevi?" Nikamwuliza kwa nini. Akaonyesha maandishi. Chini pameandikwa ANACHEKA. Kisha akaonyesha mdomo wako.

Creusa, amesema mdomo wako unasema: "Niache. Unaniumiza. Haroldo, mwambie aniache."

Alitaka kumwandikia Tainá siku ileile, kumwambia kuna kosa kwenye maandishi yake. Yeye ni mtu wa kazi, kosa la mshono humnyima raha. Nimemshika mkono. Nimemwambia mdomo ule una mwenyewe, na mwenyewe yuko hai Piracicaba. Nakala ya mwisho itafungwa kabla ya Julai. Kicheko kikibaki kama kilivyo, kitabaki hivyo kwa wote watakaokuja baada yetu.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Tufanye nini?

Iracy

*

Piracicaba, 2 Aprili 2023

Iracy,

Mwambie mumeo akashone viti vyake aniache mimi na mdomo wangu.

Ebo! Mtu hasikii hata radi, leo ananisikia mimi mwaka 1977? Tulikuwa tukisema chochote mbele ya kamera, umesahau? Kuna mahali watu wanasikia namwambia Wilmar "nakupenda", kumbe mdomo wangu ulikuwa ukitaja orodha ya vitu vya sokoni: vitunguu, sabuni, mkaa. Labda siku ile niliimba. Labda nilikuwa nahesabu. Na hata kama nilisema hivyo alivyosema, nilikuwa naigiza, ndiyo kazi niliyolipwa. Tulikubaliana busu la shingo kisha tuanguke kwenye maji. Tukaanguka. Watu wakacheka. Basi. Filamu ilijaza kumbi miezi mitatu.

Na kwa kuwa umeanza maswali, nami nina langu. Nani alicheka?

Si mimi. Mimi sikuingia kwenye kile chumba chenu cha giza. Siku ya kwanza ya maonyesho nilikaa katikati ya watu, nimevaa gauni la kung'aa, nikajiona pale juu mkubwa kama nyumba, mdomo wangu ukafunguka, na kilichotoka ni kicheko. Kizuri kabisa! Kama glasi zinagongana. Ukumbi mzima ukacheka nacho. Mwanamume aliyekaa nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Unaona? Huwa wanasema hapana kwa mdomo na ndiyo kwa kicheko." Na pale juu hapana yangu haikusikika hata kidogo. Wewe uliifuta.

Nimehama nyumba mara nne, Iracy. Kinahama nami. Nikifungua bomba la bafuni, kinatoka. Birika likianza kuchemka, ndicho. Kuna gari la kuuza uji wa mahindi linapita hapa mtaani na kipaza sauti, kanda ileile tangu nikiwa kijana, sijui mwenye sauti yuko hai au la, na mimi hukimbilia dirishani kuisikiliza, kwa sababu ikipita ile sauti nyingine hunyamaza kidogo. Majirani wanadhani napenda mahindi. Siyapendi hata! Nina mafungu ya mahindi humu ya kulisha jeshi.

Kazi yako ilikuwa kutazama midomo. Si Benê, wewe. Uliitazama yangu, ukaona, ukacheka. Kisha ukanitumia kadi za Krismasi.

Usije Julai. Na nimemwandikia Tainá akate tukio lote la bafuni, sikumpa sababu, mimi ni nyota na nyota haulizwi.

Creusa Bonfim

*

São Paulo, 15 Aprili 2023

Creusa,

Una haki ya kuniuliza. Nitakujibu moja kwa moja.

Tulivyofanya kazi ni hivi, nawe hukuwahi kuiona. Walikata kipande kifupi cha filamu, wakagundisha kichwa na mkia kikawa pete, wakakitia kwenye mashine. Kipande kinazunguka bila kukoma mpaka umepata maneno. Picha bila sauti, ukutani. Ndivyo nilivyokutana nawe siku ile. Ukasema niache. Pete ikazunguka. Ukasema niache. Ikazunguka. Sikuhitaji mume kiziwi kunisomea. Nilisimama mbele ya kipaza sauti na wewe ukaendelea kuniambia, tena na tena, kana kwamba ni mimi niliyekushika.

Haroldo alikuwa nyuma ya kioo na fundi wa sauti. Nilimwambia, "Haroldo, huyu hachezi."

Akasema, "Ndiyo maana nataka ucheke. Wakaguzi wakiona mwanamke hataki, wataita ukatili, watakata. Akicheka ni kichekesho, inapita. Unataka filamu ife?"

Nikamwambia siwezi.

"Huwezi kucheka? Wewe? Jumamosi nzima ulikuwa unacheka pale baa!"

Nikasema nina kikohozi. Si ushujaa, nilisema kikohozi. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka, na Haroldo hakuniita tena kazini, na mimi sikwenda kutazama filamu ile, hata ilipojaza kumbi.

Sasa sehemu ambayo hata mimi sikuijua mpaka mwezi uliopita, nikiwa na sinia la maandazi mapajani. Niliposikia kile kicheko nilikitambua. Ni changu. Lakini ni cha mwaka uliotangulia, cha filamu ya kanivali, siku ambayo fundi wa sauti alikalia kiti kibovu kikavunjika, akaanguka na kahawa yake. Nilicheka kweli, machozi yakanitoka. Yule bwana alikuwa na tabia ya kutunza milio: mlango, mbwa, mvua, kofi. Akatunza na mimi. Alikata furaha yangu akaishona kwenye mdomo wako.

Benê aliniuliza nimeona nini. Nikashindwa kumwambia kwa mikono. Ilibidi niandike.

Kuhusu kadi: tulipokutana mara ya pili, kwenye sherehe ya mwaka mpya pale mtaani, ulikuwa umepanda juu ya meza unasimulia vichekesho, watu wamekuzunguka. Nikajisemea, amesahau, nani mimi nimkumbushe. Nikawa natuma kadi kila mwaka nikisubiri wewe uanze. Nadhani nawe ulikuwa ukisubiri mimi.

Julai sitakuja ikiwa hutaki. Lakini usinifukuze kwa kicheko hicho. Kilishonwa pale bila mimi kuwepo.

Iracy

*

São Paulo, 9 Mei 2023

Mpendwa Dona Creusa,

Nimepokea ombi lako la kukata tukio la bafuni. Nimekaa nalo muda mrefu, nisamehe kwa kuchelewa kujibu.

Bwana Haroldo ndiye mwenye haki ya filamu, na nilipomgusia kukata alikataa katakata. Nami, nikiri, naogopa mkasi. Filamu hii imeshakatwa na watu wengi.

Lakini kuna jambo nataka ulijue. Kabla ya kuja hapa nilifanya kazi kwenye tamthilia. Kazi yangu ilikuwa kuuliza. Kabla ya tukio la mapenzi nakaa na waigizaji na kumwuliza kila mmoja: hapa anaweza kukushika? Na hapa je? Ukisema basi, nani asimamishe kamera? Mimi ndiye niliyesimamisha. Wazee wa studio walinicheka, wakaniita mama mkwe wa seti. Nilifanya hivyo miaka mitano, na jicho likajifunza.

Baada ya barua yako nilizima sauti nikatazama tukio lile kimya.

Sitakuuliza kitu, Dona Creusa. Nataka tu uelewe kwamba kwa kuwa mlio wa asili uliwekwa baadaye, unaweza kuwekwa mwingine, na Bwana Haroldo ameshasaini kutukabidhi kazi yote ya sauti. Chumba cha kurekodi kiko wazi kwa ajili yako mpaka mwisho wa Juni. Ukija, ni sawa. Usipokuja, tukio litabaki kama lilivyo, nami sitamwambia mtu.

Kwa heshima,
Tainá Goulart

*

Piracicaba, 30 Mei 2023

Iracy, shoga yangu,

Nimekaa na barua yako mpaka imelegea kama tambi. Nilikutukana bure. Nilipofika pale pa kahawa na kiti kilichovunjika nililia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena kwa kuwa nimecheka. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiandamwa na mtu aliyeanguka na kahawa! Nisamehe. Na umwambie Benê namwomba msamaha kwa yale maneno ya viti.

Sasa nikuambie nilikokwenda. Nilipanda basi nikaenda kumwona Haroldo.

Anakaa kwa binti yake Campinas, amekauka kama pilipili, blanketi miguuni katika joto lote lile. Alinifurahia, Iracy. Hilo ndilo baya. Aliita, "Kátia! Kátia Delmar wangu!" akataka kusimama akashindwa. Akaniulizia mama yangu, ambaye amekufa, na paa la nyumba ya mama, lile alilolilipia yeye mwaka ule wa mafuriko bila kudai kitu. Akaagiza nipewe keki. Nilikuja na hotuba yangu yote kwenye mkoba, nikala keki.

Mwishowe nikamwambia, "Haroldo, unakumbuka tukio la bafuni?"

"Nani asiyekumbuka! Bora kuliko yote!"

"Nilikuita siku ile. Nilikuambia umwambie Wilmar aniache."

Akanitazama. Nilimtazama vizuri, kwa sababu nimeishi na waongo na mimi mwenyewe ni fundi wa uongo, nawajua kwa macho. Hakuwa anadanganya. Akasema, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mtoto, "Hapana, binti. Ulicheka. Tulicheka sote. Mpaka sasa nakisikia kicheko chako kile, kama glasi."

"Si changu, Haroldo. Ni cha Iracy. Ulikipachika."

"Iracy yupi?"

Ameitazama filamu yake mara nyingi mno. Siku yenyewe imefutika, imebaki ile aliyoitengeneza. Binti yake akaja akasema baba amechoka. Alipokuwa ananisindikiza mlangoni akaniambia, "Baba anakupenda sana, Dona. Kila mgeni humwonyesha tukio lile."

Na nikiwa kwenye basi la kurudi, nikajaribu kuikumbuka siku ile mimi mwenyewe. Maji yale ya baridi. Shavu la Wilmar lenye harufu ya konyagi. Nikafika pale nilipofungua mdomo, na haki ya Mungu, Iracy, hata kichwani mwangu nilicheka. Nilijisikia nikicheka. Nikashika chuma cha kiti kwa mikono yote miwili. Kama Benê asingesoma mdomo wangu, ningefika kaburini nikiwa nimecheka.

Kwa hiyo nitakwenda. Nimemwambia Tainá tarehe. Haroldo atakuwa amekaa kiti cha mbele pamoja nami Julai, na paa la mama yangu, na nishani yake, na atasikia. Sijui kama ni ukatili. Niambie kama ni ukatili. Na niambie inafanywaje, maana nimeonyesha kila kitu maishani isipokuwa sauti yangu.

Creusa, mwigizaji wa zamani, mwanafunzi mpya

*

São Paulo, 7 Juni 2023

Creusa,

Si ukatili. Alikuwa na kiti cha mbele siku ile pia.

Ningekuja studio kukushika mkono, lakini wiki hiyo wananifungua koo tena, jambo dogo, usihangaike. Benê anasema sisi wawili ndio tungekuwa mashahidi bora: mmoja hasikii na mwingine hasemi.

Namna ya kufanya ni hii. Usitazame macho yake, yule msichana pale ukutani. Macho yatakuvuruga. Usitazame hata mdomo, utachelewa, mdomo ukishafunguka neno limeshapita. Tazama shingo. Pumzi huanza shingoni kabla ya neno. Ukiona koo limepanda, vuta pumzi naye. Mkishavuta pumzi pamoja neno litatoka lenyewe.

Usijaribu kuwa na sauti ya miaka ishirini na minne. Hakuna aliyekuomba hiyo.

Kunywa maji ya uvuguvugu. Usile jibini.

Iracy

*

Piracicaba, 24 Juni 2023

Iracy wangu,

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Yohane, watoto wanarusha fataki mtaani na Dona Eunice amefunga madirisha dhidi ya moto wa kipagani. Nimekaa jikoni. Redio nimeizima.

Nilikwenda. Nilivaa lile gauni la kung'aa, lililobaki la kunitosha ni mikono tu, lakini nililivaa. Tainá hakuwa na mzaha usoni, kwa hiyo nilimletea wa kwangu. Nilimwambia siku hizi mnalipa mtu wa kuuliza "hapa anaweza kukushika?", zamani tulilipa mtu wa kusema "sogea uonekane." Akatabasamu kidogo. Akanipa maji ya uvuguvugu. Nikajua umemwandikia.

Chumba ni kidogo, kina sponji ukutani. Hawana pete tena, ni kompyuta, lakini inarudia vilevile. Taa ikazimwa, na yeye akatokea.

Nilikuwa nimesahau alivyokuwa mdogo. Kwenye bango walinifanya jike la simba. Yule pale ni mtoto wa shamba mwenye goti lenye kovu. Akafungua mdomo, nami nikafungua wangu, na unajua kilichotoka? Kicheko chako. Chenyewe kabisa, glasi na vyote. Kooni mwangu! Nimekibeba muda mrefu mpaka mwili umejifunza. Tainá alirudi nyuma hatua. Mimi nilikaa chini sakafuni na gauni langu la kung'aa, tukangoja.

Ikazunguka tena. Nikajaribu nikiwa nimesimama, nikasema maneno kama mwigizaji, vizuri, kwa lafudhi ya mjini. Yalikuwa maneno ya filamu. Nikamwambia Tainá, futa hayo.

Ndipo nikakumbuka shingo. Sikumtazama macho wala mdomo. Niliitazama ile shingo yake yenye mkufu wa mama yangu, na kidole gumba cha Wilmar pembeni yake, na nikaona koo likipanda. Nikavuta pumzi naye. Maji yalikuwa baridi, Iracy. Nilisema, "Niache. Unaniumiza. Haroldo, mwambie aniache." Ilitoka kwa lafudhi ya Piracicaba, ile iliyokuwa ifukuze wateja, na kwa sauti ya bibi wa miaka sabini. Sauti kuukuu kwenye kinywa kichanga. Inatisha kuisikia, nakuambia mapema ili usishtuke. Ni kama aliyekufa anaongea, ila sijui kati yetu wawili aliyekufa ni nani.

Tainá aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ungependa tuchukue tena?"

Nikamwambia hapana.

Maandishi ya chini yamebadilishwa. Benê aje mwenyewe athibitishe, tarehe kumi na tano Julai, kiti chake kiko kando ya chako na chako kando ya changu. Haroldo yuko upande wangu wa pili. Watu watakuwa wamecheka tangu mwanzo, kwa sababu filamu inachekesha, hilo haliwezi kukanushwa, Wilmar na lile bomba lake refu, mimi mwenyewe nilicheka studioni. Watacheka mpaka mlango wa bafuni. Baada ya hapo sijui. Labda Haroldo atasema kwa sauti kwamba si kweli, nilicheka. Labda atalia. Sitageuza shingo kumtazama.

Kisha Tainá anataka nipande jukwaani nizungumze juu ya uhuru wa mwili. Nimekuwa nikiandaa hotuba tangu asubuhi na kila nikianza naanza na majigambo, mdomo wangu haujui njia nyingine. Kwa hiyo nijaribu kwako kwanza, kavukavu, kabla sijaisema mbele ya watu.

Machi nilikuandikia kwamba katika filamu kumi na tisa hakuna mwanamume aliyenigusa nisipotaka. Ni uongo. Wilmar alinigusa, nikasema hapana, na hakuna aliyesimamisha kamera. Sitakuandikia kilichofuata, kimo kwenye filamu, watu wote wamekiona. Sikuwa na bahati, Iracy. Sijawahi kuwa nayo.

Creusa